Mkono Uliopooza Usinyimwe Kazi

Kila msimu tunawapokea wodini akina baba na akina mama waliopatwa na kiharusi. Wengine wanatoka milimani Umatengo, kwenye mashamba ya kahawa. Wengine wanapandishwa kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, kutoka Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Mtu analetwa mdomo umepinda, mkono na mguu wa upande mmoja hauna nguvu, na maneno hayatoki sawasawa. Tunampima presha, tunampa dawa, tunamgeuza kitandani. Baada ya siku kadhaa hatari inapita, naye anaruhusiwa kurudi nyumbani.

Hapo ndipo tunapotaka kusema neno. Sisi wauguzi tumeona kwa miaka mingi kwamba wengi walionusurika na kiharusi wanazidi kulemaa nyumbani, tena mikononi mwa watu wanaowapenda sana.

Mama mmoja mkulima wa kahawa aliondoka wodini akiweza kutikisa vidole vya mkono wake wa kulia. Miezi mitano baadaye alirudi kupimwa presha. Mkono ule ulikuwa umekunjika kwenye kiwiko, vidole vimefumba ngumi, na kucha zimeanza kuchoma kiganja. Tulimwuliza binti yake: “Nani anamlisha?” Akajibu, “Mimi.” “Nani anamvalisha na kumwogesha?” “Mimi. Mama ametulea sote, sasa apumzike.”

Binti huyu hakuwa mvivu wala mkatili. Alifanya lile ambalo mila zetu zinamsifia mtoto mwema. Kosa lilikuwa letu sisi tuliomruhusu mama yake. Tulimpa vidonge na tarehe ya kurudi, lakini juu ya mkono hatukumwambia neno lolote.

UBONGO UNAJIFUNZA KWA KUTENDA

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo kwa sababu mshipa umeziba, au mshipa unapopasuka na damu kuvuja. Sehemu ile ikiumia, upande wa pili wa mwili ndio unaolegea. Kwa hiyo ugonjwa haukuanzia mkononi, ingawa mkono ndio unaoonekana.

Habari njema ni kwamba sehemu za ubongo zilizobaki nzima zinaweza kujifunza kuchukua baadhi ya kazi za ile iliyoumia. Zinajifunza kwa kurudia tendo lile lile mara nyingi, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa. Mkono usiotumika, ubongo nao huuacha. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 222 wa kiharusi. Baadhi yao walivalishwa kitu kama glovu kwenye mkono mzima kwa wiki mbili ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi, wakawa na mazoezi kila siku. Hao waliendelea vizuri kuliko wenzao waliopata matunzo ya kawaida. Tafadhali msimfunge mgonjwa mkono nyumbani bila mtaalamu. Tunataja jambo hili ili muone kwamba kazi yenyewe ni dawa.

Tena maradhi haya si ya Wazungu peke yao. Uchunguzi uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, hesabu zikilinganishwa kwa umri, kila mwaka watu wapatao 109 katika kila 100,000 kule Hai walipatwa na kiharusi. Dar es Salaam walikuwa wapatao 316.

TIBA KWA VITENDO NI NINI?

Wako wataalamu wa kazi hii. Wanaitwa watoa tiba kwa vitendo, na hapa nchini wanafundishwa KCMC, Moshi. Mtaalamu huyu haanzi na mashine. Anaanza kwa kumwuliza mgonjwa: kabla hujaugua ulikuwa unafanya nini tangu asubuhi hadi jioni? Mvuvi wa Liuli na mama wa Litembo hawatajibu sawa, kwa hiyo hata tiba yao haitakuwa sawa.

Kisha anatazama. Anamwomba mgonjwa anywe maji, avae shati, ahame kutoka kitandani hadi kitini. Anapima nguvu za misuli kwa alama za 0 hadi 5, anaangalia viungo vilivyokaza, na kama ngozi inahisi moto na baridi. Anaangalia pia kama mgonjwa anatambua pande zote mbili. Wapo wanaokula nusu ya sahani na kuiacha nusu ya kushoto, na nyumbani wanadhaniwa wana kiburi. Kumbe ubongo wao hauitambui ile nusu.

Kuna kipimo kiitwacho cha Barthel, kilichotolewa Marekani mwaka 1965. Kinapima shughuli 10 za kila siku, kama kula, kuoga, kuvaa, kutumia choo na kutembea, na alama zake hufika 100. Hakihitaji umeme. Ndiyo maana tunasema hata zahanati ya kijijini inaweza kukitumia.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, msimvute mgonjwa kwa mkono uliolegea mnapomwinua. Bega linaweza kuteguka, na maumivu yake hudumu. Akikaa, mkono uegemezwe juu ya mto au meza, usining’inie.

Pili, akivaa, mkono dhaifu uingie kwanza kwenye nguo. Akivua, utoke wa mwisho. Mpeni nafasi afanye mwenyewe, hata kama shati moja litachukua nusu saa.

Tatu, wakati wa kula akae wima na apewe kidogo kidogo. Akikohoa au kupaliwa kila anapomeza, msiendelee kumlisha; mleteni hospitali. Kama anameza vizuri, kijiko chake kizungushiwe kitambaa au mpira wa baiskeli ili mpini uwe mnene na ushikike.

Nne, mpeni kazi halisi. Mkono mzima uongoze, na ule dhaifu usaidie: kushika bakuli, kuchambua maharage, kuchagua kahawa, kukunja nguo. Kwa mvuvi, kushika ncha ya wavu wakati mwenzake anashona. Iwe mara nyingi kwa siku, kwa muda mfupi, na apumzike akichoka.

Tano, dawa za presha zisikatizwe kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Kiharusi cha pili mara nyingi huharibu hata kile kilichorudi.

OMBI LETU

Watoa tiba kwa vitendo ni wachache mno, na wagonjwa wetu wako mbali nao. Barabara ya lami sasa inafika Mbamba Bay, lakini nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake ni mzigo kwa familia iliyokwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya matibabu. Kwa maoni yetu, kungoja mpaka wataalamu watoshe ni kuwapotezea wagonjwa ile miezi yao ya mwanzo. Kila muuguzi wa wodi na zahanati afundishwe mambo haya ya msingi, na mgonjwa asiruhusiwe kabla ndugu zake hawajafundishwa kwa vitendo, si kwa maneno tu. Jumuiya nazo, zinapomtembelea mgonjwa, zisikae tu kumpa pole. Zimkalishe nje pamoja na wengine, zimpe maharage achambue.

Yule mama anakuja kliniki mpaka leo. Vidole vyake havijafunguka vyote, na hatudhani vitafunguka. Lakini mkono wake wa kulia sasa unashikilia sufuria wakati wa kushoto ukisonga ugali, na msimu wa kahawa anakaa mkekani na wenzake. Binti yake alituambia kwamba jambo gumu kuliko yote lilikuwa kukaa kimya akimtazama mama yake akihangaika na kifungo.

Basi mgonjwa wenu akiruhusiwa, msitoke wodini kabla hamjatuuliza: mkono huu tuupe kazi gani? Tukisema hatuna nafasi ya kuwaonyesha, rudini mtuulize tena.