Mungu Si Kondakta

Nimeusikia tena Jumapili iliyopita. Mfano wa okestra. Mhubiri alifika katikati ya mahubiri, akanyoosha mikono kama mtu anayeogelea, akasema kanisa ni okestra, Mungu ndiye kondakta, na kazi yako wewe ni moja tu: kupiga noti ulizopewa bila kuuliza. Watu wakaitikia amina. Kijana pembeni yangu akacheka chini chini. Nadhani alimwona konda wa daladala, ananing'inia mlangoni na kugonga bati. Kwa kweli mfano wa huyo kijana una afadhali. Konda angalau anajua kila abiria anashukia wapi.

Mimi hupiga tromboni. Nilianzia kwenye matarumbeta ya kanisa, Kilutheri, huko Kilimanjaro, na sasa nina miaka kadhaa katika okestra ndogo ya watu wa kujitolea hapa Dar es Salaam: walimu, muuguzi, fundi umeme, wanafunzi. (Nikisema okestra simaanishi Mlimani Park, ingawa Sikinde wana mengi ya kutufundisha. Namaanisha violini mbele, shaba nyuma, na mtu mmoja mwenye kifimbo.) Kwa hiyo ninapougombeza mfano huu sigombi kama mtazamaji. Nimekaa ndani yake.

Tuanze na huyo mwenye kifimbo. Katika okestra nzima ni yeye peke yake asiyetoa mlio wowote. Na okestra inaweza kuishi bila yeye. Moscow, kuanzia mwaka 1922 mpaka 1932, kulikuwa na okestra iitwayo Persimfans iliyopiga bila kondakta, katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa ikifunga makanisa. New York wapo Orpheus, tangu 1972, nao hawana kondakta. Bach, aliyefanya kazi ya muziki wa kanisa Leipzig kuanzia 1723, aliongoza akiwa katikati ya wapigaji wake. Mtu wa kifimbo juu ya kibao, kama tunavyomjua leo, ni zao la karne ya 19. Sasa ndugu mhubiri, kama Mungu ni kondakta, umetuambia kwamba Mungu ni cheo kilichobuniwa juzi na kinachoweza kufutwa mambo yakaendelea. Sidhani ndicho ulichotaka kusema.

Utaniambia mfano ni mfano tu, usiukamue. Hapana, nitaukamua. Sisi tunaopenda kusoma tunajua kwamba mfano ukishatamkwa haukai kimya. Miaka michache iliyopita, katika usharika ambao sitautaja, mama mmoja mtu mzima alisimama kwenye mkutano akauliza fedha za ujenzi zimefikia wapi. Aliuliza kwa adabu, ameshika daftari. Kiongozi akatabasamu, akamjibu, "Mama, kila mtu apige noti zake, tumwachie kondakta." Watu wakacheka. Mama akakaa. Nilikuwepo, na mimi sikusema kitu, na hilo linaniuma kuliko jibu lenyewe. Lakini angalia mfano ulivyofanya kazi: uliingia ukiwa unamhusu Mungu, ukatoka ukiwa unamhusu mwenye funguo za kasha. Wanaotuambia Mungu ndiye kondakta mara nyingi utawakuta wao wenyewe wamesimama juu ya kibao.

Na hata hivyo wangejua kinachotokea kwenye mazoezi! Kwetu muuguzi wetu, violini ya pili, hunyoosha mkono karibu kila Jumamosi: hapa noti zangu zimekosewa, hapa umetupeleka mbio. Kondakta husimama, hutazama, mara nyingi hukubali. Naye ana kitabu mbele yake, naye anasoma, naye yuko chini ya kilichoandikwa. Zaidi ya hapo, sauti tunayojipatanisha nayo kabla ya kuanza hatuipati kwake. Hutolewa na obo, msichana mwembamba katikati ya kundi, na wote tunamfuata, wakati mwingine kondakta yuko nje bado anaongea na simu.

Basi okestra haifundishi imani? Inafundisha sana, ila si hapo wanapotazama wao.

Simfoni ya tano ya Beethoven ina sehemu nne. Tromboni hazina hata noti moja katika tatu za kwanza. Unakaa. Wenzako wanatoka jasho, wewe umeshika chuma kinachopoa magotini, midomo nayo inapoa. Halafu sehemu ya tatu inamiminika ndani ya nne bila kusimama, na unatakiwa uingie kwa nguvu zote, juu, safi. Huwezi kujifunza kufanya hivyo siku hiyo hiyo. Umejifunza kwa kukaa na kufuata muziki ambao humo. Makanisani kwetu siku hizi nani anafundisha hilo? Kila mtu anaambiwa huu ni mwaka wake, zamu yake, nyota yake imewaka. Wapigaji solo watupu. Aliyenyamaza anaulizwa ana dhambi gani.

Na mimi nilinyamaza. Tulipomzika mdogo wangu nilikaa zaidi ya mwaka bila kuweza kuomba. Nilienda ibadani kwa mazoea, nikasimama watu wakikiri Imani ya Mitume, mdomo wangu umefungwa. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia tatizo ni langu: nimeondoa macho kwa kondakta.

Ila kwenye okestra nilikuwa nimeshaona kinachotokea ukipotea. Unahesabu vipimo vya mapumziko, arobaini na moja, arobaini na mbili, mawazo yanakuponyoka, hesabu imekufa. Ukimtazama kondakta hakusaidii, anapunga tu, kila kipimo ni kama kingine. Unamtazama jirani. Mzee anayepiga tromboni ya kwanza kwetu ana desturi: kabla ya mahali pa kuingia anainua kidole kimoja kutoka kwenye goti lake. Hageuki, hakulaumu. Kidole tu. Muziki haukusimama kukusubiri, na hukufukuzwa. Nami ule mwaka niliubeba hivyo, kwa vidole vya watu waliokuwa bado wanahesabu. Walikiri, nami nikasimama katikati yao. Kama Kristo yupo mahali katika okestra hii, mimi namtafuta kwenye viti. Injili ninayoijua inasema alishuka.

Mtu atanitajia Kinshasa. Vizuri, twende. Okestra ya Kanisa la Kimbangu ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu aliyefia gerezani mwaka 1951 baada ya kifungo cha miaka thelathini. Diangienda ni kondakta, ndiyo, na anaheshimiwa, wala mimi sipingi makondakta. Lakini kilichoijenga ile okestra ni kwamba violini zilikuwa chache na watu wengi, basi walipokezana: piga kidogo, mpe mwenzako. Uzi ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Iko filamu yao ya mwaka 2010, Kinshasa Symphony, itafuteni. Mhubiri anayetaka mfano wa kanisa achukue ile violini moja na mikono iliyoisubiri.

Sasa hivi tunafanya mazoezi ya simfoni ya tisa ya Dvořák. Mpiga tuba wetu ana noti 14 katika kazi nzima, zote kwenye sehemu ya pili, na anatoka Mbagala na tuba mgongoni, daladala mbili, makonda wakimtoza nauli ya watu wawili. Hajakosa Jumamosi hata moja. Nimemwalika mhubiri aje akae kando yake. Amesema ataangalia ratiba.