Hakimu Akifungwa Mikono, Haki Itapimwa na Nani?



Kila mara kijana wa mitaa yetu hapa Manundu anapofikishwa mahakamani kwa wizi, neno moja husikika sokoni, stendi, na hata nje ya mlango wa kanisa baada ya Misa: “Afungwe, tena miaka mingi!” Juma hili tunataka kubishana na neno hilo, ingawa tunajua kwamba baadhi yenu hamtapendezwa.

Kwanza tueleze jinsi mahakama inavyofikia adhabu, kwa maana wengi hudhani kwamba kutiwa hatiani na kuadhibiwa ni jambo moja. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliyoanza kutumika nchini mwaka 1945, huyagawa makosa katika makundi mawili. Makosa makubwa kwa kawaida ni yale yanayoweza kuadhibiwa kwa kifo au kwa kifungo cha miaka 3 na zaidi. Yaliyobaki ni makosa madogo. Mshitakiwa akishatiwa hatiani, upande wa mashitaka hueleza kama amewahi kukosa siku za nyuma. Kisha yeye mwenyewe huulizwa kama ana la kusema ili apunguziwe adhabu. Hapo ndipo husikika habari za mama mgonjwa, watoto wadogo, kosa la kwanza, na kukiri pasipo kuisumbua mahakama. Hakimu husikiliza, hupima, ndipo hutamka. Kwa makosa mengi anaweza kumwachia mtu kwa masharti, kumtoza faini, kumweka chini ya uangalizi, kumpangia kazi za jamii kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, au kumpeleka gerezani.

Utaratibu huo ni wa busara. Tunachokipinga ni ule mkono wa sheria unaoingia katikati na kumnyang’anya hakimu mizani. Ulianza mapema: mwaka 1963 Sheria ya Viwango vya Chini vya Adhabu iliamuru kwamba kwa makosa kadhaa, yakiwamo wizi wa mifugo na rushwa, adhabu isipungue kifungo cha miaka 2 pamoja na viboko 24, yaani 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Sheria nyingine ikachukua nafasi yake mwaka 1972, na viwango vikazidi kupanda. Wizi wa ng’ombe ukawekewa miaka isiyopungua 5. Unyang’anyi wa kutumia silaha ukawekewa isiyopungua 30, iwe kilichochukuliwa ni milioni za benki au simu moja ya mkononi.

Fikirini maana yake, wapendwa. Hakimu bado huuliza swali lile, na mkosaji bado hulijibu kwa machozi, lakini jibu haliwezi kupunguza miaka 30 hata kwa siku moja. Swali linaloulizwa huku jibu lake limekwisha kukataliwa si swali la haki, ni igizo.

Wala jambo hili haliwahusu majambazi peke yao. Mwezi Novemba mwaka 2023, mwanamke mmoja wa Iringa alihukumiwa kifungo cha miaka 22 kwa kukutwa na nyama ya swala. Taifa lilishituka, na baadaye Mahakama Kuu ilimwachia huru. Tulifurahi naye. Lakini ni wangapi ambao gazeti halikuwaandika, wala ndugu zao hawakujua njia ya kukata rufaa?

Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba mtunga sheria hutazama yale yatokeayo mara nyingi, asiweze kuona kila tukio; kwa hiyo ipo fadhila iitwayo epikeia, inayoshika kusudi la sheria pale ambapo maneno yake yakifuatwa kikavu yangezaa dhuluma. Sheria inayomkataza hakimu fadhila hiyo inajidai kuona yote, na kuona yote ni kwa Mungu peke yake. Katekisimu nayo inafundisha kwamba adhabu, pamoja na kulinda jamii na kurekebisha uharibifu, inapaswa kumponya mkosaji kadiri iwezekanavyo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kilimdai mwizi aliyemchinja ng’ombe wa mwenzake alipe ng’ombe watano. Adhabu ile ilikuwa nzito, lakini ilimrudia aliyeibiwa. Leo mfugaji wa Handeni aliyeibiwa ng’ombe wake, hata mahakama ikiamuru fidia, mtu aliyefungwa miaka 5 atamlipa kwa kitu gani?

Mtatuambia: “Baba, mahakimu wakiachiwa uhuru watakula rushwa, mkono mtupu haulambwi.” Hoja hiyo ina uzito. Lakini kiwango cha chini hakikuondoa uamuzi, kimeuhamisha. Tukio lilelile likiandikwa kuwa wizi, hakimu ana nafasi ya kupima. Likiandikwa kuwa unyang’anyi wa kutumia silaha, ni miaka 30. Mwenye mamlaka sasa ni yule anayeandika shitaka, naye hufanya hivyo ofisini, pasipo sisi kumsikia. Hakimu hutamka hadharani, hutoa sababu, na mahakama ya juu inaweza kumsahihisha. Tukiogopa rushwa, ni wapi afadhali uamuzi ukae?

Wengine hutukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Kweli. Lakini sheria inayomhesabia kijana wa miaka 19 hadi atimize 49 haimkunji samaki, inamkausha.

Tusieleweke vibaya. Wapo wanaostahili vifungo virefu, na machozi ya aliyekatwa panga hayapaswi kusahauliwa kamwe. Hatuombi huruma isiyo na haki. Tunaomba mtu atazamwe usoni kabla ya kuhesabiwa miaka.

Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa kwetu Arusha, iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya uhai, kwa kuwa inamnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa na ya mkosaji. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikwisha kuikataa adhabu ya lazima ya namna hiyo mwaka 2017. Ikiwa hata muuaji anastahili kupimwa, mwizi wa simu amekosa nini zaidi?

Basi mbunge atakapokuja kutuomba kura, tumwulize atasema nini bungeni juu ya viwango hivi. Na tutakaposikia tena sokoni “Afungwe!”, tukumbuke habari za umati uliopiga kelele mbele ya hakimu, na hakimu akanawa mikono.

Wenu katika Kristo,
Paroko