Dhahabu Haiozi kwa Mvua

Tangu mwaka 2000, wapo watu katika nchi tajiri wanaocheza mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa porini, wakiongozwa na setilaiti. Mvua ikizidi usiku, mchezaji hurudi nyumbani. Mchimbaji mdogo wa Shinyanga hutafuta kilichofichwa na ardhi; kwake kurudi mikono mitupu ni njaa.

Tarehe 13 Januari, 2024, huko Ng'alita, Bariadi, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Shinyanga hadi 2012, kifusi kiliwaua watu zaidi ya 20 katika eneo lililokwisha kuzuiwa kwa sababu ya mvua.

Ni dhahiri kwamba katazo la karatasi halitoshi. Afisa aliyelitia saini hana budi kufika machimboni mvua inaponyesha, na mwalimu awaeleze vijana hatari ya udongo uliolowa. Dhahabu haiozi; itangoja kiangazi.