Kazi za Mikono katika Somo la Biblia

Walimu wengi wa kipindi cha dini huwapa watoto karatasi na rangi ili somo lipendeze. Kwa maoni yetu, kazi ya mikono isiyomfikirisha mtoto ni pambo tu.

Tutwae mfano wa nyumba mbili, Mathayo 7:24-27. Mtoto wa Ifakara hahitaji kuelezwa gharika. Masika huuona mto Kilombero ukifurika na kutanda bondeni. Basi wanafunzi wafinyange vijumba viwili vya udongo, wavikaushe, kimoja wakiweke juu ya mchanga, kingine juu ya jiwe, kisha wamimine maji kwa kata kwenye misingi. Huenda mmoja akauliza mwamba uko wapi huku bondeni, maana miamba aijuayo iko kwenye milima ya Udzungwa. Swali hilo ndilo somo lenyewe. Mwalimu asilijibu upesi, bali awarudishe kwenye aya: wajenzi wote wawili walisikia, aliyetenda ndiye aliyejenga juu ya mwamba.

Kwa hiyo kipindi kisiishie kwenye kijumba. Kila mtoto achague tendo moja, kama kumtekea maji bibi jirani au kupatana na mwenzake. Wala asihojiwe mbele ya darasa, wala asipewe alama kwa tendo hilo. Ufahamu wa hadithi twaweza kuupima. Imani ikitolewa alama, tutafuga unafiki.