Mbegu Si Hisa

Kuna mahubiri ambayo sisi waumini tumeyasikia mara nyingi hata tunaweza kuyamalizia kabla ya mhubiri. Ni semina ya vijana au wiki ya uamsho. Mgeni anapanda jukwaani na kusimulia habari za mtu maarufu wa ng'ambo aliyeanzia chini: alifagia kiwandani, akaosha vyombo, leo ana mamilioni ya dola. Kisha linakuja swali: kama mtu wa dunia hii amefika pale, wewe mwana wa Mfalme unakaaje na umaskini? Kisha zinakuja bahasha, na tunaambiwa tupande mbegu.

Tunaandika kupinga mahubiri hayo. Hatumpingi mtu anayesimuliwa, wala hatupingi biashara. Tunapinga hesabu inayofanywa kati ya ile simulizi na ile bahasha, kwa sababu ni hesabu ya uongo, na wanaoilipia ni ndugu zetu.

Tumchukue mmoja ambaye habari zake zinafaa sana simulizi za namna hii, mwigizaji wa Marekani Ashton Kutcher. Alizaliwa mwaka 1978 katika mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, akalelewa katika familia ya Kikatoliki. Kabla ya kujulikana alimsaidia baba yake kubeba vigae vya kuezekea, akaosha vyombo mgahawani, akafagia vumbi la nafaka kiwandani. Alianza masomo ya uhandisi wa biokemia katika Chuo Kikuu cha Iowa, akayaacha baada ya kushinda shindano la wanamitindo mwaka 1997. Mwaka uliofuata akapata nafasi katika That '70s Show, igizo la vichekesho la televisheni lililodumu hadi mwaka 2006. Alipokuwa ameshatajirika kwa uigizaji, akageukia uwekezaji. Aliweka fedha katika kampuni ya Skype. Mwaka 2010 akaanzisha mfuko wa A-Grade Investments pamoja na Guy Oseary, meneja wa wanamuziki, na bilionea Ron Burkle. Walinunua hisa za kampuni kama Uber, Airbnb na Spotify. Mwaka 2016 jarida la Forbes liliandika kwamba dola milioni 30 za mfuko huo zilikuwa zimefikia thamani ya dola milioni 250.

Hadi hapa mhubiri hajasema uongo. Uongo umo katika yale anayoyaruka.

Anaruka mtaji. Kati ya ufagio wa kiwandani na hisa ya kwanza ilipita miaka zaidi ya kumi ya malipo ya televisheni na sinema. Mtu huyu aliwekeza fedha ambazo hata zingepotea zote, nyumbani kwake kungepikwa. Anaruka wenzake. Hakukaa peke yake akaota namba. Aliketi na watu waliokuwa wameshazoea mamilioni, na mmoja wao alikuwa bilionea tayari. Anaruka jina. Mwezi Aprili 2009 Kutcher alikuwa mtu wa kwanza kufikisha wafuasi milioni moja kwenye Twitter, akilitangulia shirika la habari la CNN. Kampuni changa inapompokea mwekezaji wa namna hiyo, inapokea fedha zake na inapokea pia watu milioni moja wanaomsikiliza. Na anaruka njia yenyewe. Wawekezaji wa kampuni changa hugawanya fedha zao katika kampuni nyingi kwa makusudi, wakijua kwamba nyingi zitakufa, na kwamba moja au mbili zitakazokua ndizo zitakazofidia hasara ya zile nyingine.

Sasa mlinganishe na mama wa genge aliyeketi safu ya nne. Hana kampuni ishirini za kugawanyia. Ana noti chache, na noti hizo zina jina tayari: ada ya mtoto, kodi ya chumba, dawa ya shinikizo la damu. Kumwambia afanye kama yule mwigizaji ni kumwambia aruke mto kwa sababu kuna mtu aliyeuvuka kwa daraja.

Lakini tuache hayo, maana kuna kosa kubwa zaidi. Mhubiri anasimulia habari za hisa, kisha anakusanya mbegu, kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Hisa ni sehemu ya umiliki. Ina karatasi, ina idadi, ina haki ya kuuliza na kusomewa mahesabu, na ukidhulumiwa ina mahakama. Microsoft ilipoinunua Skype mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, wenye hisa walilipwa kwa kadiri ya hisa zao. Hakuna aliyeambiwa kwamba fungu lake limechelewa kwa sababu imani yake ni ndogo. Ile mbegu ya kwenye bahasha haina karatasi, haina idadi, haina siku ya kusomewa mahesabu. Ikikosa kuota, wa kulaumiwa ni aliyepanda. Ni biashara gani hii ambayo muuzaji hapati hasara hata siku moja na mnunuzi hana pa kudai?

Tena tunaiharibu sadaka yenyewe. Sadaka ni takatifu kwa sababu hatuitoi ili iturudie. Tunamtolea Mungu kwa kuwa vyote ni vyake, na tunatoa ili mjane asaidiwe, mgonjwa atembelewe, Neno lihubiriwe. Anayetoa akitazamia mara mia ameifanya madhabahu kuwa kaunta. Elisha alimponya Naamani na akakataa zawadi zake. Aliyekimbia nyuma ya gari la Naamani kwenda kudai fedha na mavazi alikuwa Gehazi, na tunajua alirudi na nini mwilini. Tungependa kuwauliza baadhi ya wageni wa semina zetu wanafuata nyayo za yupi kati ya hao wawili.

Wako watakaosema tunakuza jambo dogo. Tuwakumbushe mwaka 2009. Mwaka uleule ambao Kutcher alikuwa akihesabu wafuasi wake milioni, hapa Tanzania maelfu ya watu walikuwa wamepeleka akiba zao katika upatu wa DECI. Wachungaji walikuwa miongoni mwa waliouendesha. Lugha yake ilikuwa ya kupanda na kuvuna, lugha ambayo waumini walikuwa wameifundishwa kanisani, na ndiyo maana haikuwashtua. Serikali iliusimamisha, na baadaye viongozi wake kadhaa wakatiwa hatiani mahakamani. Watu hawakuingia kwa sababu ni wajinga. Waliingia kwa sababu walikuwa wamezoezwa kuamini kwamba fedha iliyotolewa kwa imani lazima irudi imezaa. Upatu ule ulivuna katika shamba ambalo mimbari ililima.

Kuna jambo jingine katika habari za Kutcher ambalo hatujasikia likihubiriwa. Ana ndugu pacha, Michael. Walikaa tumbo moja na wakazaliwa siku moja, wakalelewa na wazazi walewale katika imani ileile. Michael alizaliwa na utindio wa ubongo, na alipokuwa na miaka 13 moyo wake ulishindwa kabisa, akaokolewa kwa kupandikizwa moyo wa mtu mwingine. Amekuwa mtetezi wa watu wenye ulemavu na wa uchangiaji wa viungo. Basi tuwaulize wahubiri wa mafanikio: kama mali na afya ni kipimo cha imani, wale mapacha wawili waliamini tofauti wapi? Wakiwa tumboni? Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali la jinsi hiyo mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu, wakitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana aliwakatalia. Leo swali lile limerudi kanisani likiwa limevaa suti. Na katika kila usharika yuko ndugu anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi mlangoni, anayeyasikiliza mahubiri hayo mpaka mwisho, na kuondoka akiwa amehukumiwa pasipo mtu yeyote kumtaja.

Tunajua watatujibu kwa mfano wa talanta, Mathayo 25. Tuusome basi. Talanta haikuwa shilingi ya mfukoni. Ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Mali ile haikuwa ya watumwa. Ilikuwa ya bwana wao, na aliporudi alidai hesabu. Mfano ule unamhusu mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine na atakayeulizwa ameitumiaje. Hauahidi kwamba kila mtumwa atakuwa tajiri. Kama kuna wanaopaswa kuuogopa, wa kwanza ni wale walioshika mali ya wengine, yaani fedha ya usharika. Tena sura ile haiishii pale. Mbele kidogo tunaonyeshwa hukumu ya mataifa, na maswali ya siku ile ni kuhusu mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Hakuna anayeulizwa aliwekeza wapi.

Tuwe waadilifu pia kwa upande wa pili. Wapo wazee wetu wanaosema kwamba fedha ya jukwaani ni najisi na biashara ni ya wapagani, na kwamba kijana anayetaka mtaji ameshaanza kumwacha Mungu. Hilo nalo tunalikataa. Lidia wa Thiatira aliuza zambarau, na nyumba yake ikawa kimbilio la Paulo na wenzake. Umaskini si utakatifu. Anayelala na njaa hajakaribia mbingu kuliko aliyeshiba. Hata kwa Kutcher kuna la kujifunza. Mwaka 2013, akipokea tuzo mbele ya vijana wa Marekani, aliwaambia kwamba fursa hufanana sana na kazi ngumu, na kwamba hakuwahi kupata kazi aliyojiona kuwa mkubwa kuliko hiyo. Maneno hayo yanafaa kurudiwa kanisani. Ila angalieni: alizungumza juu ya kazi. Hakuwaambia kuna njia ya mkato, wala hakupitisha bahasha.

Wala tusimfanye sanamu. Mwaka 2009 alianzisha pamoja na Demi Moore shirika linalojulikana leo kama Thorn, la kupambana na unyanyasaji wa watoto kingono, na mwaka 2017 alitoa ushahidi juu ya utumwa wa kisasa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani. Ni kazi njema. Lakini mwaka 2023 ilijulikana kwamba alikuwa amemwandikia hakimu barua ya kumtetea mwigizaji mwenzake wa zamani aliyetiwa hatiani kwa ubakaji, na baada ya malalamiko makubwa akajiuzulu uenyekiti wa bodi ya shirika lile. Hatusemi haya ili kumhukumu. Kila mmoja wetu ana Hakimu wake. Tunasema ili ionekane kwamba hisa zake hazikumfundisha la kuandika katika barua ile. Fedha humwonyesha mtu pa kupata fedha nyingine. Uadilifu haumfundishi. Kanisa linalowapa vijana matajiri kuwa vielelezo vya imani linawapa mwanzi wa kuegemea, na ukivunjika utawachoma mkononi.

Basi tunadai nini? Tunadai kwanza kwamba sadaka iitwe sadaka na uwekezaji uitwe uwekezaji, na yeyote anayechanganya majina hayo madhabahuni azuiwe na wazee wa kanisa siku hiyohiyo, hata kama ni mgeni wa heshima. Tunadai kwamba mtu yeyote, awe mchungaji, mwinjilisti au mwanakwaya, asiruhusiwe kukusanya fedha za biashara kwa kutumia orodha ya waumini au muda wa ibada. Tunadai kwamba mahesabu ya usharika yasomwe mbele ya wote, kwa shilingi, kama bwana wa talanta alivyodai. Na semina ya vijana impe kipaza sauti mhasibu wa usharika, mama aliyeendesha VICOBA miaka kumi bila kupoteza senti ya mwenzake, na fundi aliyeanza na randa moja. Hao watawafundisha vijana kusoma mkataba kabla ya kutia saini, kutofautisha faida na mtaji, kuuliza kampuni imesajiliwa wapi, na kuikimbia faida yoyote inayoahidiwa kwa uhakika.

Najua ya watu wengi ni hii: tukisema hivi, sadaka itapungua. Inawezekana. Itapungua ile iliyotolewa kwa hofu na kwa tamaa. Itakayobaki itakuwa sadaka kweli, na mama wa genge ataweza kuitoa huku ada ya mtoto ikiwa imeshalipwa.