Mtoto wa Mwaloni na Lugha ya Darasani

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Musoma na kutoa Azimio la Musoma: ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania apate nafasi katika shule ya msingi. Mji wetu una haki ya kujivunia azimio lile. Lakini hapana budi tuulize pia: mtoto akishaingia darasani, anapewa nini?

Mtazame mtoto wa mwalo wa Mwigobero. Kabla hajajua kusoma, ameona wavuvi wakienda ziwani na taa usiku wa giza, na wakipumzika mwezi unapokuwa mpevu. Anajua kwamba dagaa hufuata mwanga, na kwamba mbalamwezi huzishinda taa. Anajua dagaa walionyeshewa huharibika, na waliokauka vizuri hupata bei. Hiyo ni fizikia, ni baiolojia, tena ni biashara. Katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, na mwalimu mwenye busara aweza kujenga juu ya ujuzi huo.

Akifika kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka kuwa Kiingereza. Anaulizwa habari za mwanga, naye ananyamaza, maana swali lenyewe hakulielewa. Kisha tunatangaza kwamba amefeli fizikia. La hasha! Fizikia hakupimwa, amepimwa lugha.

Wapo wasemao kwamba bila Kiingereza dunia itatuacha nyuma. Mimi sisemi Kiingereza kitupwe. Kifundishwe kama somo, tena vizuri, na walimu wanaokijua. Lakini kujifunza lugha ni jambo moja, na kujifunza mambo mengine yote kwa lugha usiyoijua ni jambo jingine. Wajapani hufundisha watoto wao sayansi kwa Kijapani, na hakuna awaitaye washamba.

Wala hili si wazo geni. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makwetta, ilipendekeza shule za sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa. Mwalimu ni mwana wa mkoa huu, nami namheshimu kama wamheshimuvyo wengi hapa. Lakini katika hili nasema wazi kwamba tume ilikuwa sahihi.

Leo jambo hili limekuwa zito zaidi. Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025 inataka elimu ya lazima iwe miaka 10, yaani hadi kidato cha nne. Ni vema. Lakini serikali imlazimishapo mtoto kukaa darasani, nayo inalazimika kusema naye kwa lugha anayoielewa. Vinginevyo tutakuwa tumemwongezea miaka ya kunakili ubaoni maneno asiyoyajua, kisha tumrudishe mwaloni akiamini kwamba hana akili.