UKURASA WA VIJANA: Bangili ya Kamala na Kasia la Mvuvi



Wazazi wengi hulalamika kwamba watoto wao wamezama katika michezo ya mashujaa wa televisheni, watu warukao angani na kuvunja kuta kwa ngumi. Malalamiko hayo yana haki yake. Walakini mapenzi ya habari za mashujaa si jambo geni katika nchi hii ya Wahaya. Kabla ya televisheni, wazee wetu walikaa usiku kumsikiliza mpiga nanga akiimba habari za Rukiza na mashujaa wengine wa kale. Basi la kuuliza si kama kijana apenda mashujaa, bali shujaa ampendaye amfundisha nini.

Tutwae mfano mmoja. Mwezi wa Juni 2022 Wamarekani walianza kuonyesha katika Disney+ mchezo uitwao Ms. Marvel. Haukudumu. Ulikuwa na sehemu 6 tu, ya mwisho ikatoka tarehe 13 Julai, wala haukufuatwa na msimu wa pili, ingawa shujaa wake alirudi katika filamu ya The Marvels mwaka 2023. Shujaa huyo ni Kamala Khan, msichana wa Kiislamu wa miaka 16, ambaye wazazi wake walihamia Jersey City kutoka Pakistan. Aliyemwigiza ni Iman Vellani, mzaliwa wa Karachi aliyelelewa Kanada. Kamala avaa bangili ya kale ya ukoo wao, na hapo apata uwezo wa kuifanya nuru iwe ngumu kama jiwe.

Yamo ya kukosoa. Katika sehemu ya kwanza tu, Kamala atoroka nyumbani usiku, naye amekwisha katazwa na wazazi wake. Hilo si la kuigwa. Lakini yamo na mema. Ni nyumba ya watu waendao msikitini na kusherehekea Idi pamoja na majirani. Tena yuko rafiki yake, Nakia, avaaye hijabu. Nakia haridhiki na uchakavu wa upande wa wanawake msikitini kwao. Hakomei kunung'unika, bali agombea nafasi katika halmashauri ya msikiti. Nakia hana bangili. Kwa maoni yetu, huyo ndiye wa kutazamwa zaidi.

Nasi tuna ushahidi wetu. Mwaka huohuo, Jumapili tarehe 6 Novemba, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Walikuwamo watu 43. Waliokoka 24, na 19 walifariki. Mwenyezi Mungu awape subira jamaa zao. Waliotangulia kufika ni wavuvi katika mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, aliumia hata akalazwa hospitali. Baadaye alitunukiwa shilingi milioni 1 na kupewa kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wavuvi wale hawakuwa na nuru mikononi. Walikuwa na makasia, ujuzi wa maji, na moyo usiongoja kuamrishwa.

Enyi wazazi, kukataza tu hakutoshi, wala kuwaacha watoto peke yao mbele ya televisheni si malezi. Keti nao, kisha uwaulize: nani amesaidiwa katika habari hii, na aliyesaidia alitumia nini?

Nanyi vijana, dini yetu imekwisha tufundisha uzito wa kuokoa nafsi moja. Basi jifunzeni huduma ya kwanza. Mwenye nguvu amchotee maji mzee jirani. Binti aonaye upungufu katika msikiti wake aseme kwa adabu, na wakubwa wamsikilize. Na kijana wa Muleba akaaye kando ya ziwa, naye hajui kuogelea, aanze na hilo kabla ya kutamani kuruka angani.